Kitufe Ambacho Hatukukibonyeza

Mwanangu alipofariki, watu wa mtaani kwetu Ifakara walipata shida ya namna ya kuniita. Kwa miaka sita nilikuwa Baba Fulani, na huyo fulani alikuwa binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Jina langu la ubatizo nadhani walilijua watu watatu tu. Baada ya maziko, jirani akikutana nami njiani alikuwa anaanza, "Habari za asubuhi, Baba..." halafu kilichobaki anakimeza. Wiki mbili hazikupita, nikawa "fundi" kwa kila mtu. Ni kweli nilikuwa fundi, nilikuwa naendesha mashine ya kukoboa mpunga, ila kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Alikufa kwa homa, mvua zilipoanza. Siku ya kwanza alikula, ya pili alikataa uji, ya tatu tulimbeba hospitali, na asubuhi ya nne tulirudi naye kwenye gari la kuazima. Sina wa kumlaumu. Madaktari walifanya walichoweza, nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaona. Mke wangu alikuwa ndani, ameshika mguu wa mtoto kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na wauguzi. Yeye alimwona akikata roho. Mimi niligeuza uso nikatazama ukuta.

Miezi mitatu baadaye kazi ilikatika. Kwetu, kuanzia Machi mashine nyingi hulala. Mpunga wa mwaka jana umekwisha maghalani, na wa mwaka huu bado umesimama majini shambani. Miaka ya nyuma nilikuwa nakipenda kipindi hicho, maana masikio yalipumzika. Mwaka ule niliuchukia ukimya huo. Mashine ikinguruma huwezi kuwaza, vumbi la pumba linakujaa puani, watu wanapiga kelele kuuliza zamu yao, na siku inakatika. Sasa nilikuwa nakuja asubuhi, nafungua mlango wa bati, nakaa juu ya gunia tupu, nasikiliza mvua. Hakuna aliyenituma kuja. Nilikuja kwa sababu nyumbani kulikuwa na kitanda kidogo ambacho hatukuwa tumethubutu kukitoa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kutengeneza simu. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa rika langu. Wazazi wake walitoka pwani kuja kuuza vitambaa, yeye akazaliwa hapa hapa Ifakara. Alikuwa mtu mwema. Wakati wa msiba alifunga duka siku mbili nzima, akakaa nasi, ingawa sisi ni Wakristo na hakuzijua nyimbo zetu hata moja. Mvua ikizidi alikuwa ananiita kwa mkono, nakimbia kuvuka, tunakunywa chai ya tangawizi nyuma ya meza yake.

Huko nyuma ya meza ndiko nilikoiona ile gemu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa anaicheza kwenye simu kubwa iliyopasuka kona. Mwanzoni nilidhani ni picha za sinema. Kulikuwa na milima, mto unaokwenda, majani yanayoinama upepo ukipita, na mtu mmoja mwenye upanga mgongoni amesimama kwenye daraja.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Na wale?"

"Wale ni watu kama mimi na wewe. Yule mwenye kofia yuko Dodoma, ni muuguzi. Huyu wa upinde yuko nchi gani sijui, hatuelewani lugha, lakini mwaka wa pili sasa tunatembea pamoja. Kila mmoja anajitengeneza anavyotaka awe, anachagua kabila, anachagua kazi, anaingia."

"Inaisha lini?"

"Haiishi."

"Sasa mshindi anapatikanaje?"

Akacheka bila kuinua macho. "Hakuna mshindi, jirani. Unaishi tu."

Nikawa nakwenda kumtazama kila siku. Nilimwona akivua samaki kwenye ziwa la kule, akipika, akijenga nyumba ya mbao, akipigana na wanyama wakubwa kuliko mashine yangu. Niliona pia mengine. Mteja anakuja na simu iliyoingia maji, yeye anaipokea bila kumtazama usoni. Chai yake inafanya utando. Siku moja adhana ya adhuhuri ikaita, akasema, "Naam, nakuja," kama anayemjibu mtu, na adhana ya alasiri ikamkuta pale pale. Aliposhtuka alishika kichwa. Kisha akarudi kwenye simu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililonivuta. Saa mbili nilizokaa kumtazama zilikuwa saa mbili ambazo sikuwa pale mlangoni hospitalini. Nilipogundua hilo nilikuwa navuka barabara kurudi kwenye mashine, nikasimama katikati, bodaboda akanipigia honi na kunitukana. Nilikuwa nimepumzika. Tangu Desemba sikuwa nimepumzika.

"Nikuwekee na wewe?" akaniuliza kesho yake.

Nikamwambia nitafikiri.

Hapo lazima niseme kwa nini mtu mzima afikirie gemu wiki tatu. Mimi najijua. Kabla sijaoa nilikuwa kibarua wa kupanda miti kule Uchindile, huko juu kwenye baridi. Kule kuna ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, na msimu wake ukifika inapatikana kila mlango. Wenzangu walikuwa wanakunywa vikombe viwili, wanaimba kidogo, wanalala. Mimi nilikuwa natafuta mwisho wa ndoo. Nilifukuzwa kazi mara mbili, na mara ya pili walinikuta asubuhi nimelala kwenye njia ya kuzuia moto katikati ya miti, umande umenilowesha, kiatu kimoja sina. Mwanamke niliyekuwa namchumbia, ambaye ndiye mke wangu, aliniambia neno moja tu: chagua. Nikaacha siku ile ile, yote kwa mara moja, kwa sababu kupunguza sikuweza. Nilijaribu kupunguza, nikashindwa. Mwenzangu anaingia kwenye jambo kwa mguu mmoja, mwingine anauacha nje. Mimi naingia mwili mzima.

Kwa hiyo nilikaa juu ya gunia langu nikibishana na nafsi. Nilijiambia gemu si pombe, hainuki, haikuangushi mtaroni, na mtu anacheza akiwa amekaa kwa heshima zake. Kisha namwona mwenye duka ng'ambo ya barabara, mgongo umepinda, mdomo wazi kidogo, na ninaujua ule mdomo. Ni mdomo wa mtu aliyekaa karibu na ndoo. Kisha nauliza: hata kama ni hivyo, inaharibu nini? Nina nini cha kuharibiwa? Swali hilo la mwisho lilikuwa linanijia kwa utulivu kabisa, na utulivu wenyewe ulinitisha kuliko swali.

Alasiri moja mvua ilikuwa kubwa, mke wangu yuko shambani Katindiuka, nikavuka barabara nikampa simu yangu. Akaiweka gemu. Ilichukua muda. Aliponirudishia akasema, "Kwanza utatengeneza mtu wako. Usiharakishe, hilo ndilo tamu."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani. Kwenye simu akatokea mtu mtupu, hana sura, amesimama kwenye duara la mwanga. Chini kulikuwa na vidude vya kusogeza: urefu, rangi ya ngozi, umbo la pua, macho, nywele. Nilikusudia kutengeneza mwanamume mwenye nguvu, mwenye mwili ambao mimi sina. Naapa nilikusudia hivyo. Nilianza na urefu, nikashusha. Nikashusha tena. Kulikuwa na kabila la watu wadogo, nikalichagua. Ngozi nikaipata kwa urahisi. Pua ilinichukua muda, kwa sababu pua yake ilikuwa ya mama yake, pana kidogo upande mmoja, na gemu haikukubali upande mmoja. Nikamsuka nywele mistari. Nikatafuta kovu, yakaja makovu ya vita, marefu ya kutisha, lakini mwishoni kulikuwa na dogo la kwenye nyusi, na yeye alikuwa nalo hapo, alianguka kwenye ngazi ya kanisa akiwa na miaka mitatu.

Nikaisogeza simu karibu na uso, kama nilivyokuwa nasogeza kikombe.

Gemu ikataka jina. Nikaandika lake. Ikajibu kwamba jina hilo tayari lina mtu. Sijui kwa nini neno hilo liliniuma vile. Nilijua ni jina la kawaida, duniani liko kwa maelfu. Nililia kwa sauti, peke yangu chumbani, kwa sababu mtu asiyenijua amelichukua. Nilipotulia nikaandika jina la utani ambalo bibi yake mzaa mama alimpa kwa Kindamba, lugha ya kwao, na hilo lilikuwa wazi.

Mtoto akasimama kwenye duara. Chini yake kikatokea kitufe kikubwa cha dhahabu cha kuingilia. Sikukibonyeza. Nilikuwa namtazama. Alikuwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka. Kila baada ya muda alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akatazama kushoto, akapangusa paji la uso, akanitazama tena. Alikuwa anasubiri, kama watoto wanavyosubiri mtu mzima amalize mazungumzo yake ili waondoke.

Mke wangu alinikuta hivyo. Sikumsikia akiingia. Alikuwa na matope hadi magotini, jembe bado liko begani.

"Nani huyo?" akauliza.

Nilitaka kuzima simu lakini mkono ulikataa. Akaja karibu, akainama. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kitenge yakiangukia kioo cha simu, akayafuta kwa kidole gumba, taratibu, na kidole kikabaki pale kwenye shavu la mtoto.

"Umemtoa wapi?"

"Nimemtengeneza."

"Anapumua," akasema.

Nikamwambia ni gemu, nikamweleza yote, duka, milima, mto. Nilikuwa nangoja anikemee. Nilitaka anikemee. Mke wangu ni mtu wa kusema. Ndiye aliyenitoa Uchindile kwa neno moja. Lakini alikaa chini na matope yake, akaipokea simu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akasema, "Nyusi umeipatia."

Kuanzia siku ile tukawa tunamtazama wote wawili. Hatukuingia. Tulisema hatutaingia, tunatazama tu. Asubuhi kabla ya chai, mchana, jioni kabla giza halijaingia. Alikuwa anapumua, anatazama kushoto, anapangusa paji. Mke wangu alihesabu, akagundua kwamba baada ya kupangusa mara nne anatabasamu. Basi tukawa tunangoja tabasamu. Hatukuwa tukizungumza. Tangu msiba tulikuwa tunazungumza kidogo tu, mambo ya chumvi na kuni, na sasa hata hayo yalikatika, lakini tulikaa bega kwa bega, na mimi nikadanganyika kwamba huko ndiko kupona.

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Kipindi hicho lazima mtu awe shambani kuamia ndege tangu alfajiri, apige kopo, avute kamba, apige kelele, la sivyo kweleakwelea wanashuka kama wingu na kumaliza kazi ya mwaka. Ilikuwa kazi ya mke wangu, maana shamba lilikuwa lake, alipewa na baba yake. Siku ya kwanza alichelewa. Siku ya pili alikwenda saa nne. Siku ya tatu hakwenda. Jirani yetu wa shamba, mama mmoja mtu mzima, alitembea kutoka Katindiuka kuja kutugongea.

"Hodi! Mna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Shikamoo," nikamjibu.

"Marahaba. Sasa mbona ndege wanakula na mpo? Nimewafukuza mpaka sauti imekauka. Upande wa mtoni hamna kitu tena, makapi matupu."

Mke wangu alikuwa ndani na simu. Nilimwita. Alisema, "Nakuja." Alisema kama yule wa duka alivyoijibu adhana. Na hakuja. Yule mama alinitazama, akatazama mlango, akaondoka.

Muda wote nilikuwa nimejihofia mimi, nimejipimia mimi, Uchindile yangu, ndoo yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba nimeileta nyumbani na kumwekea yeye mdomoni.

Nikaenda mpaka dukani. Nilimkuta mwenye duka katika vita vya kwenye gemu, nikamngoja. Nilipoona hamalizi nikaweka kiganja changu juu ya kioo cha simu yake. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, kisha ikayeyuka.

"Niambie ukweli," nikasema. "Mtu akiingia anatoka?"

Akasogeza kikombe.

"Sikudanganyi, jirani. Mimi niliingia mke wangu alipoondoka. Kwanza ilikuwa kupoteza muda. Sasa akirudi leo, sijui kama nitamsikia akibisha." Akavuta pumzi. "Ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekwambia usiingie. Lakini siku ile nilikuwekea kwa sababu nilikuwa naona unakufa. Nikasema bora afe humu kwenye gemu kuliko kule kwenye mashine, humu angalau kuna watu."

Sikuwa na hasira naye. Mpaka leo sina.

Nilirudi nikamkuta mke wangu pale pale kitandani. Nikakaa.

"Ndege wamekula upande wa mtoni," nikasema.

"Bonyeza," akasema.

"Nini?"

"Hicho cha dhahabu. Nimechoka kumwona amesimama. Nataka nimwone akitembea. Mara moja tu, atembee, nione anavyokwenda."

"Tukibonyeza hatutarudi. Mimi najijua, na wewe sasa nimekujua."

"Turudi wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia anayetaka kuelekezwa. "Nitazame. Turudi wapi? Kwenye kitanda kile? Niambie kuna nini huku cha kurudia, na mimi nitarudi."

Nilitafuta kwa kweli, nikatazama chumba kizima, sikupata. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakijagusa. Na moyo wangu ulikuwa unasema bonyeza, mwanamke, bonyeza kabla sijapata neno la kukuzuia.

"Akiingia anafanya nini?" akauliza.

"Anapewa kisu. Anakwenda porini, anapigana na nguruwe. Baadaye wanakuja wanyama wakubwa."

"Mtoto huyu?"

"Kule hakuna mtoto. Kila mtu anapigana."

"Na akishindwa?"

"Anakufa."

Aliinua kichwa.

"Lakini anaamka," nikasema haraka. "Anaanguka, baada ya muda anaamka kijijini, anaanza tena. Kule kila mtu anakufa na kuamka."

"Mara ngapi?"

"Hakuna hesabu. Yule wa duka anasema siku za mwanzo unakufa hata mara ishirini kwa siku."

"Na kila akifa sisi tunaona?"

"Ndiyo."

Mke wangu alikitoa kidole polepole, kama anayekitoa kwenye gundi. Kisha akasema, "Wewe uligeuka. Siku ile uligeuka ukatazama ukuta. Mimi ndiye niliyeona."

Hakuwahi kulisema. Sikujua hata kama aliniona.

"Siwezi kuona tena," akasema. "Hata mara moja. Hata kama ataamka."

Tukalia, na kilio kile hakikutuliza chochote. Baada ya hapo tukakubaliana kumfuta. Kukubaliana kulikuwa rahisi. Kufuta, kila mmoja alimpa mwenzake simu mara tatu au nne. Mwishowe mke wangu alishika kidole changu, tukakishusha pamoja. Gemu ikauliza kama tuna hakika. Tukajibu ndiyo. Ikauliza tena. Kisha ikaandika kwamba mhusika atafutika baada ya siku saba, na kwamba ndani ya siku hizo tunaweza kumrudisha tukibadili mawazo. Mtoto akabaki kwenye duara lake, rangi imefifia, anapumua. Juu ya kichwa chake siku zikaanza kuhesabiwa kurudi nyuma.

Siku saba hizo zilikuwa mbaya kuliko wiki ya maziko. Maiti angalau hakuulizi kama una hakika.

Mke wangu aliamua kwenda Kiberege kwa mama yake, kule mpunga ulikuwa umewahi na walihitaji mikono ya kuvuna. Akaichukua simu. Nilimpa mwenyewe, nikamwambia, "Ikibaki na mimi, kesho nitamrudisha." Alikwenda, na mimi nikaingia Katindiuka kuokoa mpunga uliobaki. Nilisimama kwenye kichanja tangu alfajiri nikipiga kopo. Kwa siku nne nilivumilia. Kila wingu la ndege lililopita nilihesabu: bado tatu, bado siku mbili na nusu. Siku ya tano usingizi ulikata kabisa. Siku ya sita asubuhi nilimwomba yule mama jirani aangalie shamba, nikapanda bodaboda hadi Kiberege na nguo za shamba, sijanawa uso. Nilikuwa nakwenda kumrudisha. Sikuwa na mpango mwingine, wala sikujidanganya kwamba nakwenda kusalimia. Njia nzima nilimhimiza dereva aongeze mwendo.

Nilimkuta mke wangu uani anapiga mpunga kwenye turubai na ndugu zake. Aliponiona aliacha fimbo ya kupigia, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na simu. Akanipa bila mimi kuiomba.

"Nimemwangalia kila siku," akasema. "Sikubonyeza."

Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala. Nikafungua. Mtoto alikuwepo, amefifia, anapumua. Zilibaki saa ishirini na kitu. Kitufe cha kumrudisha kilikuwa cha kijani.

"Nimekuja kumrudisha," nikamwambia.

"Najua. Nilikutegemea jana."

"Hutanizuia?"

"Kwa nguvu gani?" Alikuwa amekonda, mikono imejaa mikwaruzo ya mabua. "Ila nikwambie jambo moja. Ukimrudisha, sitarudi Ifakara. Si kwa hasira. Simu itakuwa pale, na mimi nitakaa pale ilipo, nitabonyeza, na nitamwona akifa mara ishirini kwa siku, na sitaacha. Ulanzi ulikukamata ukiwa na mtu wa kukwambia uchague. Hapa wote wawili tuko ndani ya ndoo. Nani atatuambia?"

Nilikaa na ile simu mpaka betri ikaanza kulalamika. Sitasema nilipata nguvu, kwa sababu sikupata. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilikuwa nimekwishampoteza mmoja, na nilimwona wa pili amechuchumaa mbele yangu akingoja. Nikamrudishia simu. Mkono wangu ulifanya, mimi sikuwepo. Kisha nikaenda nikachukua fimbo aliyoiacha, nikaingia kwenye turubai, nikapiga mpunga mpaka shemeji zangu wakaniambia nipumzike.

Mtoto alifutika kesho yake, saa ambayo hatuijui. Tulikuwa shambani tunakata mpunga, simu imebaki nyumbani ndani ya kikapu, imezimwa. Jioni tulipoiwasha duara lilikuwa tupu, na chini yake limeandikwa neno la kukaribisha mtu atengeneze mhusika mpya. Mke wangu alipiga kelele moja fupi, kama mtu aliyejikata. Mama yake alitoka jikoni mbio akiuliza kuna nini. Tulimwambia nyoka. Nikaiondoa gemu kwenye simu mbele ya mke wangu.

Tulirudi Ifakara. Katindiuka tulivuna chini ya nusu ya kawaida. Mashine zikaanza kunguruma na mimi nikawa na kazi tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye duka bado ananiita chai. Akicheza nakaa upande wa barabara, nampa mgongo, na yeye ameelewa, siku nyingine anaiweka simu chini mpaka nimalize kikombe. Si kila siku.

Nikiulizwa kama niliamua vyema, sina uhakika. Kuna mchana mashine ikizimwa ghafla, umeme umekatika, vumbi linatulia, na hamu inakuja kama ilivyokuwa. Pua naikumbuka, nyusi naikumbuka, ningemtengeneza kwa dakika kumi. Siku hizo nikifika nyumbani namwambia mke wangu, "Leo imenishika." Na yeye siku zake ananiambia. Hatupeani ushauri, maana hatuna. Tunaendelea kukaa mpaka ipite, na isipopita tunakoka moto, tunapika, hamu ikiwa humo humo ndani na sisi.